Mteja Anayeitikia "Sawa, Mama"

Nikijitambulisha kwa mtu hapa Dar es Salaam kwamba mimi ni kocha, swali la kwanza ninaloulizwa ni timu ipi ninayoifundisha, na la pili ni kama niko upande wa Simba au wa Yanga. Siwalaumu wanaouliza, kwa sababu neno hili limetufikia kupitia kiwanjani, na kocha wa kiwanjani kila mtu anamjua: husimama pembeni mwa mstari akipiga kelele, humtoa mchezaji huyu na kumwingiza yule, na timu ikifungwa mfululizo yeye ndiye anayefungashiwa virago. Mimi sina kiwanja. Hukaa na mtu mmoja kwa saa moja na nusu, kila baada ya wiki mbili, tukazungumza kuhusu kazi yake, biashara yake, au uamuzi unaomkosesha usingizi. Swali ambalo limenisumbua kwa miaka yote tisa ya kazi hii ni lile ambalo kocha wa mpira hana haja ya kujiuliza, nalo ni kiasi gani nimwelekeze huyu aliyeketi mbele yangu.

Nilipofundishwa kazi hii nilipewa jibu lisilo na mjadala, kwamba kocha haelekezi. Kocha huuliza na kusikiliza. Majibu anayo mteja mwenyewe, na kazi ya kocha ni kumsaidia ayafikie. Fundisho hilo liliniingia haraka kwa sababu linapatana na methali yetu isemayo kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Lakini waliotuachia methali hiyo ndio hao hao waliotuachia asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na wateja wangu wengi wamelelewa kwa hii ya pili zaidi kuliko ile ya kwanza. Mtu aliyelipa ada yake anatarajia kuondoka na kitu mkononi. Neno lenyewe mteja halimhusu mnunuzi wa dukani peke yake, hutumika pia kwa mgonjwa aliye chini ya uangalizi wa mganga, nami sijawahi kusikia habari za mganga aliyemjibu mgonjwa wake, "Wewe mwenyewe unaonaje?"

Mwaka 2024 nilikuwa na mteja mwenye duka la jumla la vitenge na kanga huko Kariakoo, mama wa miaka 63 ambaye alitaka nimsaidie kufikiri namna ya kumkabidhi binti yake biashara hiyo bila ya wao wawili kukosana. Katika kikao cha tatu alinifungulia daftari lake la mauzo. Kabla ya kuwa kocha nilifanya kazi katika idara ya mikopo ya benki kwa miaka kumi na moja, kwa hiyo sikuhitaji kikokotoo kuona kwamba mauzo yake ya miezi kumi na miwili yalikuwa yanakaribia shilingi milioni 200, kiwango ambacho, tangu Julai 2023, mfanyabiashara wa Tanzania Bara akikifikia anatakiwa kujisajili kwa ajili ya VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ambayo muuzaji huwatoza wanunuzi na kuiwasilisha serikalini. Nililiona, na kwa kuwa nilikuwa kocha na kocha haelekezi, nikauliza, "Mama, ukiyatazama mauzo haya, unaona nini mbele yako?" Akasema anaona duka la pili. Nikauliza anaona nini kingine. Akasema anamwona binti yake akiendesha gari la mizigo lenye jina la duka ubavuni. Nilitoka pale nikiwa nimeridhika kwamba kikao kilikwenda vizuri sana.

Miezi kadhaa baadaye aliletewa madai ya kodi ambayo hakuwahi kuwatoza wanunuzi wake, ambayo sasa ilibidi itoke katika faida yake mwenyewe, pamoja na adhabu ya kuchelewa. Alinipigia simu, akanisalimia vizuri, akaniuliza hali ya wanangu, kisha akasema, "Mwanangu, jambo hili ulikuwa unalijua?" Nikamwambia nilikuwa nalijua. Akanyamaza kidogo. "Ukawa unaniuliza maswali?"

Sikuwa na jibu wakati ule, na hata leo sina. Kuna mambo ambayo jibu lake halimo moyoni mwa mteja hata ukimchimba mwaka mzima, kwa sababu liko kwenye sheria, kwenye hesabu, au kwenye kalenda, na kumzungusha mtu kwa maswali kuhusu mambo ya namna hiyo ni kumnyima alichokuwa na haki ya kupewa. Sehemu hiyo ya swali langu niliimaliza siku ile na sijairudia tena. Jambo lenye jibu la wazi hulisema wazi, nikamwambia nimelitoa wapi, na mahali pa kulihakikishia. Ugumu uko kwenye mambo mengine yote, yale ambayo nina maoni nayo lakini sina uhakika nayo, na huko nimekosea vibaya zaidi.

Kosa hilo lilitangulia lile la mama wa Kariakoo kwa miaka kadhaa. Kijana mmoja mhasibu, wa miaka 27, aliyekuwa na adabu ya kupita kiasi, alipandishwa cheo kwa masharti ya kuhamia Mwanza. Alikuwa akiingia kwangu na shikamoo ya kuinamisha kichwa, na hakuwahi kugusa chai yake kabla sijagusa yangu. Alitaka kujua kama aipokee nafasi ile. Niliuliza maswali mawili matatu ya kutimiza wajibu, nikaona mshahara ulivyoongezeka, nikaona umri wake, na nikamwambia kwa maneno ambayo nayakumbuka mpaka leo: "Nafasi kama hii hairudi, nenda." Akaitikia, "Sawa, mama." Alikwenda, na kabla ya miezi sita kutimia alikuwa amerudi Dar es Salaam akiwa hana kazi. Mama yake mzazi, aliyekuwa akiishi naye, alikuwa na maradhi ya figo na alikuwa akisafishwa damu hospitalini mara tatu kwa wiki, na hapakuwa na mtu mwingine wa kumpeleka na kumrudisha. Nilimwuliza kwa nini hakunieleza habari hiyo siku ile. Alijibu bila ya lawama yoyote, kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo ambalo kila mtu analijua, "Mama, ulikuwa umeshasema."

Kwa muda mrefu niliyaweka makosa haya mawili kwenye mizani moja, upande mmoja kusema kidogo mno na upande wa pili kusema kupita kiasi, nikadhani kazi yangu ni kutafuta katikati. Nilikuwa natafuta mahali pasipo penyewe. Mama wa Kariakoo ningeweza kumwelekeza kuanzia asubuhi hadi jioni na asingepata dhara lolote, kwa sababu alinizidi umri na uzoefu, alinibishia kila mara alipoona ninakosea, na ushauri usiompendeza aliusukuma kando kama mtu anayeondoa makombo mezani. Kijana yule, kwa upande wake, hakuwa na njia ya kunikataa. Ningemwambia aende Mwanza, angekwenda. Ningemwambia abaki, angebaki. Na vyote viwili vingekuwa uamuzi wangu uliobebwa kwa miguu yake. Kwa hiyo siku hizi ninaposikia makocha wenzangu wakibishana kama tuelekeze au tusielekeze, mimi huuliza kwanza iwapo mteja anaweza kuniambia hapana. Naweza kuelekeza kwa kadiri ile tu anayoweza kunikataa.

Hili linapingana na desturi, na ninalitambua. Desturi inasema mwenye uzoefu aachwe afikiri mwenyewe na mchanga aelekezwe. Kwa ufundi wa kazi ni kweli: asiyejua kuandaa mizania ya hesabu afundishwe, na siku hiyo mimi si kocha bali ni mwalimu, jambo ambalo ni vizuri nilitangaze kabla ya kuanza. Lakini kwa uamuzi wa maisha, mchanga ndiye ambaye neno langu linamwangukia kwa uzito mkubwa zaidi, na kwa hiyo ndiye ninayepaswa kuwa mwangalifu naye zaidi.

Wapo watakaosema dawa ni kurudi kwenye maswali matupu, kwa maana swali halimlazimishi mtu. Historia ya wazo hilo inaonyesha vingine. Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1940 aliitangaza tiba ya mazungumzo isiyoelekeza, alikwisha kuliacha jina hilo kufikia mwaka 1951 na kuanza kuzungumzia tiba inayomweka mteja katikati, kwa kuwa watu walikuwa wamelielewa kana kwamba kazi ya mtaalamu ni kuketi na kurudia maneno ya mgonjwa. Katika filamu ya mafunzo iliyotoka mwaka 1965, mwanamke aliyeachana na mumewe alizungumza kwa zamu na wataalamu watatu, Rogers, Fritz Perls na Albert Ellis. Alimtaka Rogers amjibu kama amwambie binti yake mdogo ukweli kuhusu wanaume aliokutana nao baada ya talaka, na Rogers, kwa upole mwingi, akakataa, akisema hilo ni jambo lake la ndani ambalo hawezi kumjibia. Hata hivyo, kabla ya mazungumzo yao kumalizika mwanamke yule alisema kwamba, ingawa hakupewa ushauri, anahisi Rogers anamwambia njia yake anaijua na aifuate. Na muda si mrefu alisema angependa kuwa na baba kama yeye. Yaani mtu aliyejizuia kuelekeza kuliko wote alisikika akielekeza, tena kwa sauti ya baba. Mwaka uliofuata, 1966, mtafiti Charles Truax alichapisha uchambuzi wa kanda za Rogers na mteja wake mmoja, akaonyesha kwamba uchangamfu na uelewa wa Rogers ulipanda na kushuka kulingana na aina ya maneno aliyoyasema mteja, na kwamba baadhi ya maneno yaliyopokelewa kwa uchangamfu yaliongezeka kadiri vikao vilivyoendelea.

Ikiwa hali ilikuwa hivyo kwa Rogers huko Marekani, basi kwetu, ambako kikao huanza kwa shikamoo na marahaba, kutikisa kichwa kwangu tu ni hukumu. Kijana akisema "nafikiria kuacha kazi" nami nikakunja uso kidogo, ameshapata jibu, na hakuna swali nitakaloliuliza baadaye litakalolifuta.

Lipo pia swali ambalo ni amri iliyojifunga kanga. "Je, umewahi kufikiria kuzungumza na bosi wako?" Anayeulizwa hivyo anaelewa vizuri kwamba anaambiwa akazungumze na bosi wake, lakini hana pa kushika akitaka kukataa, kwa sababu mimi sijasema kitu, nimeuliza tu. Akibisha ataonekana anabishana na upepo. Nikisema, "Mimi naona ungezungumza na bosi wako, na sababu yangu ni hii, ila simjui bosi wako na wewe unamjua," nimeelekeza waziwazi, lakini nimempa kitu chenye pembe ambacho anaweza kukishika na kunirudishia. Kwa uzoefu wangu, mteja hukataa ushauri uliosemwa kwa urahisi zaidi kuliko swali lililobeba ushauri ndani yake, na ndiyo sababu nimepunguza maswali ya aina hiyo mpaka karibu yamekwisha.

Mtu ambaye maandishi yake yamenifaa zaidi katika hili hakuwa kocha. William Miller, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeshughulika na wanywaji pombe, alianza kuiweka wazi njia yake ya mazungumzo alipokuwa Bergen, Norway, na kuichapisha mwaka 1983. Aliona kwamba mtu mwenye nia mbili, moja ya kuacha na nyingine ya kuendelea, akisukumwa upande mmoja hujikuta akiutetea ule wa pili, na kwa kuutetea kwa sauti anazidi kuuamini. Utafiti alioutoa na wenzake mwaka 1993 ulikuta kwamba kadiri mshauri alivyomkabili mnywaji kwa mabishano, ndivyo mnywaji huyo alivyokuwa akinywa zaidi baada ya mwaka mmoja. Ninachoongeza kutokana na ninayoyaona hapa ni kwamba upinzani wa kwetu una adabu. Mteja wangu habishani. Huitikia "sawa", hushukuru, huaga, kisha hafanyi, na kikao kinachofuata anatuma ujumbe kwamba amepata udhuru. Kocha aliyezoea kuupima upinzani kwa mabishano atadhani mambo yanakwenda vizuri.

Kutoka kwa Miller na wafuasi wake nimechukua utaratibu mmoja rahisi, wa kumwuliza mteja kwanza anachokijua, kisha kumwomba ruhusa ya kuongeza ninachokijua mimi, kisha kumwuliza amekipokeaje. Hatua ya katikati, ya kuomba ruhusa, niliidharau mwanzoni kwa sababu hakuna kijana wa Kitanzania atakayemwambia mtu wa makamo, "Hapana, usiseme." Kwa hiyo naomba ruhusa, lakini sitegemei jibu lake. Ninachotegemea ni hatua ya mwisho, nayo nimelazimika kuigeuza ili ifae. Nikimwuliza kijana ushauri wangu una kasoro gani, atasema hauna, kwa sababu kumkosoa mkubwa mbele ya uso wake ni utovu wa adabu. Nikimwambia, "Una rafiki yako wa rika lako, mwenye familia kama yako na mshahara kama wako, na amepewa ushauri huu na mama mmoja, utamwonya ajihadhari na nini?" kasoro zinamiminika. Ningemwuliza hivyo mhasibu wangu, nina hakika angenitajia mama wa rafiki yake kabla ya kitu kingine chochote.

Nina daftari ambalo ushauri wangu wote naandika kwa wino mwekundu, tofauti na maneno ya mteja yaliyo kwa wino wa bluu, na pembeni naweka alama ushauri ukikataliwa au ukibadilishwa. Kurasa nyekundu nyingi hazinitishi siku hizi. Kinachonitisha ni kurasa nyekundu zisizo na alama yoyote pembeni, kwa vikao vitatu mfululizo, kwa maana hapo najua ninazungumza na mtu anayeniitikia tu, na kikao cha nne hukiacha bila ya wino mwekundu kabisa, hata kama nimejaa maoni mpaka kooni.

Kuna hali moja ambayo kipimo hiki hakiitoshelezi, nayo ni pale anayelipa na anayeketi kitini wanapokuwa watu wawili tofauti. Mwajiri ananileta kwa meneja wake akiwa na orodha ya mabadiliko anayoyataka, na meneja anaketi akijua kwamba chochote nitakachopendekeza huenda kimetoka ghorofa ya juu. Hapo hata ushauri wangu mwema unanuka amri. Ninachofanya ni kukataa kuanza kabla hatujakaa watatu na matakwa ya mwajiri yakatajwa mbele ya meneja mwenyewe. Kazi kadhaa zimenipotea kwa sharti hilo.

Alhamisi ijayo nina kikao na mzee mmoja aliyestaafu utumishi wa umma, ambaye anataka kuingiza sehemu kubwa ya mafao yake kwenye ufugaji wa kuku wa mayai. Tangu tulipoonana mara ya kwanza ameniuliza mara tatu, "Wewe ungekuwa mimi, ungefanyaje?" na mara zote tatu nimelikwepa swali lake kwa sababu nilikuwa bado sijajua yeye ni mtu wa namna gani. Sasa najua kidogo. Kikao kilichopita nilijaribu kumwambia kwamba banda lake liko karibu mno na nyumba ya jirani, akanikatiza, akaniambia mimi ni mtoto wa mjini na sijui nyumba ya jirani iko wapi na upepo wa huko unavuma kutoka wapi. Nilifurahi kuliko alivyoweza kudhani, nikaweka alama pembeni. Alhamisi nitamjibu alichoniuliza: kwamba mimi nisingeanza na kuku elfu mbili, ningeanza na mia tatu, na nimeshamwandikia hesabu ya chakula mpaka wiki ambayo wataanza kutaga, kwa bei za sasa za mfuko mmoja, pamoja na hesabu nyingine ya bei hizo zikipanda. Nimeacha nafasi kubwa pembeni mwa karatasi.